Skrubu Mbili za Kabureta

Kabureta ya pikipiki ya zamani ina skrubu mbili ambazo mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuzifikia bila kufungua kitu kingine chochote. Matatizo yake mengi yanaanzia hapo. Kichwa cha silinda hakiguswi ovyo, kwa sababu kuna nati za kufungua na gasketi ya kununua. Klachi haiguswi ovyo, kwa sababu oili itamwagika. Lakini skrubu hizo mbili ziko nje, zinazunguka kwa urahisi, na kila anayepita anajiona ana haki ya kuzijaribu. Mwenye pikipiki anazungusha akiwa kijiweni. Rafiki yake anazungusha. Fundi wa kwanza anazungusha kabla hata hajauliza pikipiki ina shida gani. Ikifika kwa fundi wa pili, hakuna tena anayejua kiwandani ziliwekwaje.

Ufundi huu niliupata kwa mzee mmoja aliyekuwa na gereji upande wa Gerezani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mjomba alinipeleka kwake baada ya kumaliza shule. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanionyesha ndoo iliyogeuzwa. "Kaa pale mwanangu. Tazama kwanza. Usishike kitu." Gereji yenyewe ilikuwa mabati manne na meza ya mbao iliyolowa oili. Aliifungua mwaka 1975, mwaka ule ule lilipofunguliwa soko kuu la Kariakoo lililochorwa na msanifu Beda Amuli. Kabla ya hapo alikuwa ameajiriwa kwenye karakana ya Mhindi mmoja, akitengeneza BSA zenye kabureta za Amal na Vespa zenye kabureta za Dell'Orto. Yamaha na Suzuki zilipokuja na Mikuni hakushtuka. Mikuni walianza kutengeneza kabureta kwa leseni ya Amal mwaka 1960, na mkono uliozoea moja haukupata shida kwa nyingine.

Umri wake ulikuwa umepita katikati ya uhaba. Baada ya vita vya Kagera vilivyoisha 1979, fedha za kigeni zilikauka nchini, na spea ya pikipiki ilipatikana kwa kujuana. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya Mzee Mwinyi kuingia madarakani 1985, maduka ya Kariakoo yalianza kujaa tena. Nilipofika kwake jeti mpya zilikuwa zinauzwa hatua chache kutoka mlangoni. Hata hivyo yeye aliendelea kufanya kazi kana kwamba duka limefungwa. Kila kitu kidogo kilichotoka kwenye kabureta kiliwekwa kwenye kifuniko cha kopo, kwa mpangilio kilivyotoka, na hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza.

Skrubu ya kwanza ni ya sailensi, yaani ile inayoamua injini izunguke kwa kasi gani ukiwa umeachia resi. Inainyanyua slaidi kidogo ili njia ya hewa isifunge kabisa. Ukiikaza injini inapanda, ukiilegeza inashuka mpaka inazima. Kuielewa ni kazi ya dakika moja. Ya pili ni ya mchanganyiko, na hiyo ndiyo inayotaka akili. Ni nyembamba, ncha yake imechongoka, na inapima kiasi kidogo sana cha mafuta au hewa kinachopita wakati slaidi iko chini. Ukitaka kujua inapima nini, tazama imekaa wapi. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: ukiilegeza unaongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa: ukiilegeza unaongeza hewa na mafuta yanazidiwa.

Jambo hilo moja limeharibu pikipiki nyingi kuliko ajali. Kwenye Vespa skrubu ya mchanganyiko iko nyuma ya kabureta, unaipata kwa kupitisha bisibisi ndefu kwenye tundu lenye kizibo cha mpira, na inapima mafuta. Kwenye Mikuni za VM zilizofungwa kwenye Yamaha DT za mabwana shamba, iko upande wa chujio na inapima hewa. Nimeona mafundi hodari kabisa wa Vespa wakiizungusha ya Yamaha upande waliouzoea, wakiongeza kile walichotaka kupunguza, kisha wakitafuta kosa kwenye koili. Mzee hakuwahi kumwambia mtu "legeza" au "kaza" peke yake. Alisema "ongeza mafuta" au "punguza mafuta," na aliyeambiwa ilibidi aangalie kwanza kabureta iliyo mbele yake.

Pikipiki isiyokaa sailensi ilipoletwa, aliiwasha, akaisikiliza, akaizima. Kisha akaanza kuuliza. Tatizo lilianza lini? Ghafla au polepole? Inazima ikiwa ya baridi au ikishachemka? Nani ameishika kabla yangu? Swali la mwisho aliliuliza kwa upole, kwa sababu watu huona aibu kulijibu. Hapo bisibisi bado ilikuwa mezani. Alifungua chujio la hewa, na kwa vumbi la Dar es Salaam mara nyingi jibu lilikuwa humo humo. Alitoa plagi akaitazama rangi: nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi; nyeupe iliyokauka, hewa imezidi; kahawia, hapo ndipo panapotakiwa. Alipima tapeti, ambazo kwenye Honda CG 125 ni 0.08 mm injini ikiwa ya baridi, kwa sababu valvu isiyofunga vizuri haitibiwi na kabureta yoyote. Kisha aliiwasha tena na kugeuza usukani mpaka mwisho wa kushoto, halafu mpaka mwisho wa kulia. Mlio ukipanda wakati wa kugeuza, waya wa resi umebana mahali fulani, na skrubu haihusiki.

Kilichofuata wateja wengi hawakukielewa. Alivuta maji kwenye bomba la sindano ya hospitali, akayadondosha tone kwa tone kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda, na pembeni mwa gasketi. Pikipiki ikiwa salama maji yanatiririka tu. Mpira ukiwa na ufa, tone linavutwa ndani na injini inabadilisha sauti pale pale. Pikipiki inayovuta hewa pembeni huwadanganya watu wengi, maana ukiongeza mafuta kwa skrubu inatulia kwa muda, mwenyewe analipa na kuondoka ameridhika. Siku ya pili anarudi, kwa sababu ufa umeongezeka.

Bado skrubu haijaguswa. Alifungua bakuli la kabureta, akamwaga mafuta kwenye kopo jeupe ili aone kama kuna maji au mchanga, akaitoa jeti ndogo ya sailensi. Tundu lake ni chini ya nusu milimita. Aliinyanyua kuelekea juani, akafumba jicho moja. Kama duara la mwanga halikuwa kamili, aliizibua kwa uzi mmoja wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa umeme. Kutumia uzi wa breki ya baiskeli alikataza kwa sauti ya juu, kwa kuwa chuma kile ni kigumu kuliko shaba ya jeti, kinalikwangua tundu na kulipanua, na ukishalipanua kulirudisha haiwezekani. Katika kazi yangu ya miaka yote tangu wakati ule, jeti hiyo ndiyo niliyoikuta na kosa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Na ndiyo ambayo watu huikwepa, kwa sababu kuitoa kunataka kufungua kabureta, na skrubu iko pale nje inawaita.

Sasa ndipo alipochukua bisibisi. Aliifunga skrubu ya mchanganyiko kwenda ndani, taratibu, kwa vidole viwili, akihesabu kwa sauti: nusu, moja, moja na nusu. Ilipogusa chini aliiacha. Kuikaza zaidi ya hapo ni kuharibu ncha na kiti chake, na kiti kikishaumia hata skrubu mpya haitashika kipimo. Namba aliyoipata aliiandika kwenye daftari la shule lililoning'inia kwa kamba ukutani: namba ya pikipiki, tarehe, mizunguko aliyoikuta. Nafasi nyingine aliiacha wazi kwa ajili ya mizunguko atakayoiacha. Kwa pikipiki nyingi mahali pa kuanzia ni mzunguko mmoja na nusu, na hilo mafundi wengi wanalijua. Wachache wanaelewa kwamba namba iliyokutwa ni ushahidi. Skrubu inayopima mafuta iliyofunguliwa mizunguko mitatu na nusu inaeleza kwamba jeti imeziba na kuna mtu aliyejaribu kulificha hilo.

Alirekebisha injini ikiwa imechemka, baada ya mimi au kijana mwingine kuizungusha mpaka Mnazi Mmoja na kurudi. Injini ya baridi inataka mafuta mengi, kwa hiyo ukiirekebisha asubuhi ikiwa baridi umeirekebishia hali ambayo haitadumu hata mpaka taa za barabarani za kwanza. Alipandisha sailensi kidogo, akazungusha ya mchanganyiko robo kwa robo, akisubiri kila baada ya robo injini itulie. Mlio ukapanda, ukapanda tena, ukafika mahali ukaanza kuyumba. Akarudi nyuma mpaka pale ulipokuwa juu na laini. Kisha akashusha sailensi mahali pake. Vitabu vya CG vinataka kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Injini ya aina hiyo inapiga mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni kama mapigo 12 kwa sekunde, na sikio lililozoea linayajua bila mashine. Mwisho alipiga resi fupi ya ghafla akaachia. Injini ikipokea bila kusita na kurudi chini bila kuzima, kazi imeisha. Ikisita, inahitaji mafuta kidogo zaidi. Ikichelewa kushuka, hewa bado imezidi.

Kuna Honda XL moja ya mapema miaka ya 1980 ambayo siwezi kuisahau. Mwenyewe alirudi nayo kutoka Marekani alikokwenda kusoma. Ilikuwa safi kuliko pikipiki yoyote mtaani, lakini inazima kila inaposimama. Tukatafuta skrubu ya mchanganyiko hatukuiona. Pale ilipotakiwa kuwa palikuwa na kifuniko cha shaba kilichogongewa ndani ya tundu, kimelingana kabisa na bodi. Mzee alicheka kidogo, akatuambia tusogee karibu.

Marekani ilianza kuweka viwango vya moshi wa pikipiki kwa zile zilizotolewa kuanzia 1978, na watengenezaji wakaanza kuzifungia skrubu hizo ili mnunuzi asizichezee. Nyingine ziliwekewa vikofia vinavyozuia kuzungusha zaidi ya kiasi, nyingine zikazibwa kwa shaba. Ile yetu ilikuwa imezibwa. Mzee alichukua keekee ya mkono yenye ncha ndogo, akaiviringishia tepu milimita chache kutoka kwenye ncha ili isiweze kuzama zaidi, akatoboa katikati ya kile kifuniko. Hakutumia nguvu, aliiacha keekee ile yenyewe. Tundu lilipotokea upande wa pili, akaingiza skrubu ndogo ya kujikatia njia, akaishika kwa koleo, akavuta. Kifuniko kikatoka kizima. Chini yake kilikuwepo kichwa cha skrubu ambacho hakijawahi kuguswa tangu kiwandani.

Akahesabu, akaandika, akaitoa. Skrubu ikaja na springi yake. Akaangaza tochi ndani ya tundu, kisha akaingiza kipande cha waya mwembamba alichokikunja ncha, akavua kwanza washa, halafu oringi. Zote mbili zingeweza kulala juu ya punje ya choroko. Oringi ilikuwa imekauka ikawa ngumu, na upande mmoja imekatika. Akaniwekea kiganjani akaniuliza kazi yake nini. Nikamjibu inazuia mafuta yasivuje. Akasema petroli pale haivuji, pale panavuta. Skrubu ikiwa upande wa injini, injini inanyonya kwa nguvu chini yake. Oringi isipoziba, hewa inapita kwenye nyuzi za skrubu yenyewe na kuingia bila kupimwa na mtu. Hapo unaweza kuzungusha mpaka jioni, injini haitajibu, au itajibu leo na kukataa kesho joto likibadilika.

Mpangilio wake una sababu. Springi inakaa chini ya kichwa cha skrubu, inafuata washa, oringi inakuwa ya mwisho upande wa ncha. Ukiiacha washa, springi inaikata oringi kila unapozungusha. Nimekuta kabureta zilizokusanywa kinyume, oringi chini ya kichwa na springi mbele, na mwenye pikipiki ameshanunua koili, plagi na kabureta ya pili. Nimekuta pia pale pa oringi pameviringishwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, vipande vyake vikakatika na kuziba njia ya mafuta ndani kabisa. Nimekuta silikoni ya kuzibia injini, ambayo petroli inaivimbisha na kuimega. Nimekuta mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, nao petroli haiuvumilii. Kwa haya sina huruma. Oringi ya mpira unaostahimili mafuta inapatikana Kariakoo kwa bei ndogo kuliko soda, na anayeweka kitu kingine pale anamuuzia mteja tatizo.

Ile XL ilipokaa sawa, mzee alifanya jambo alilolifanya kwa kila pikipiki. Alifuta kichwa cha skrubu na bodi inayokizunguka kwa kitambaa chenye petroli, akasubiri pakauke, akachukua chupa ya rangi ya kucha. Kwa kijiti cha kiberiti akachora mstari mmoja mwembamba, nusu juu ya kichwa cha skrubu, nusu juu ya bodi. Rangi ikikauka inashika skrubu isilegee kwa mtetemo, na ikitakiwa inafutika kwa ile dawa ya kufutia kucha. Lakini shabaha yake kubwa ilikuwa mstari wenyewe. Mtu akizungusha skrubu hata robo, nusu mbili zinaachana, na kila mtu anaona. Aliweka rangi kidogo sana, kwa sababu ikizidi inateremka kwenye nyuzi. Gundi kali hakuitumia kamwe. Skrubu iliyogandishwa kwa gundi hiyo itang'oka na kichwa chake siku ikihitajika.

Rangi tulizinunua kwa wamachinga wa mtaa wa Kongo. Mzee alitumia nyeupe, kwa kuwa inaonekana hata kabureta ikiwa imechafuka. Vijana waliomzunguka waligawana nyekundu na kijani kwa ushabiki wa mpira ambao kila mtu wa Kariakoo anaujua, na mafundi wengine wa Gerezani walikuwa na za kwao. Ikawa ukiinama kwenye pikipiki unajua imetoka mkono wa nani. Siku moja mteja alikuja juu, akidai tumemharibia pikipiki na anataka fedha yake. Mzee hakubishana. Alimwomba ainame aitazame skrubu, nusu mbili za mstari zikiwa zimeachana, kisha akafungua daftari akamsomea mizunguko iliyoandikwa siku ile. Yule bwana akakaa kimya, halafu akasema ni mdogo wake. Wakairekebisha, wakaagana vizuri. Watu wawili wangeweza kuwa maadui kwa neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Nimefikiria sana tofauti ya kufunga kwa kiwanda na kufunga kwa mzee. Kiwanda kiliziba ili mtu asifike, na nia yake nilikuja kuiheshimu: mafuta yakizidi, moshi unatoka na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, na wanaoivuta ni akina mama wanaouza matunda pembeni mwa barabara ya Msimbazi kuliko anayeendesha. Lakini kizibo cha kiwanda hakikujua kwamba oringi itakauka. Mstari wa mzee unamwachia kila mtu njia, ila unamtaka akubali kuonekana amepita. Kwa mji ambao pikipiki inapita mikono mingi, naona njia hiyo ni bora.

Mwaka 2010 nikiwa tayari na meza yangu, lilikuja wimbi la pikipiki zisizokaa sailensi, mpya kwa za zamani. Bodaboda zilikuwa zimeenea, nyingi zikiwa za Kichina zenye injini iliyoigwa kutoka kwa ile CG ambayo Honda waliitoa mwaka 1976, ikiwa na fimbo za kusukumia valvu badala ya mnyororo ili istahimili matunzo haba. Vijana walikuja wamekata tamaa; hesabu ya bosi inasubiri, pikipiki inazima kila kituo. Mafundi wakazungusha skrubu mji mzima. Kosa lilikuwa ndani ya tanki. Ndio wakati wa uchakachuaji, mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli na dizeli kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. Nilifanya alichonifundisha mzee: tone la mafuta juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka na kuondoka. Yenye mafuta ya taa inaacha doa linalokaa. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza mwaka huo kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Waliolipa gharama ya hatua hiyo ni pamoja na waliokuwa wakiwashia koroboi, na hilo lisisahaulike. Lakini nilipowaambia vijana wamwage tanki kwanza, wengi waliondoka na skrubu zao zikiwa hazijaguswa.

Kuna pia hewa yenyewe. Pikipiki iliyorekebishwa Kariakoo, karibu usawa wa bahari, ikipandishwa kwenye lori mpaka Mbeya, zaidi ya mita 1,600 juu, inakuta hewa nyepesi. Mafuta ni yale yale, hewa imepungua, plagi inakuwa nyeusi na sailensi inatetereka. Fundi wa kule akipunguza mafuta anafanya sawa. Pikipiki ikirudi Dar mtu asiporudisha, hewa itakuwa imezidi na injini itachemka kupita kiasi. Mzee aliandika kwenye daftari "Mbeya" pembeni ya namba mbili, ya kwenda na ya kurudi, na mwenye pikipiki akapewa karatasi.

Mzee amefariki. Daftari zake ziko kwangu, na nyingine zimeliwa na maji ya mafuriko ya Desemba 2011. Gerezani imebadilika, mabasi ya mwendokasi yana kituo chake pale tangu 2016, na mafundi wengi wametawanyika Ilala, Buguruni na mbali zaidi. Pikipiki za sindano za kompyuta zimeingia, za umeme nazo zimeingia, na kijana anayeanza leo anaweza kumaliza kazi yake yote bila kufungua kabureta hata moja. CG za mwanzo, DT na Vespa zilizobaki ziko kwa watu wanaozipenda, na zinapata shida ile ile: skrubu mbili zilizo wazi na watu wengi wenye bisibisi. Vijana wanaojifunza kwangu nawataka wapige picha kwa simu kabla ya kugusa, na bado nawataka waandike, kwa sababu simu huibwa na picha hupotea.

Kwa hiyo wewe uliyerithi pikipiki ya baba yako au ya babu, ukiipeleka kwa fundi, simama karibu naye. Mwombe kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko aifunge taratibu akihesabu, akwambie ameikuta mizunguko mingapi, na akimaliza akwambie ameiacha mingapi. Ziandike namba hizo mbili na tarehe chini ya siti kwa kalamu ya wino usiofutika. Chupa ya rangi ya kucha nenda nayo mwenyewe. Fundi akikataa kuhesabu, ipeleke kwa mwingine.